Kocha si tabibu wa nafsi, tusiyachanganye maneno haya

MAJUZI nilikuwa Kinna, Kaunti ya Isiolo, katika kikao cha vijana ambao familia zao zilipoteza mifugo wakati wa ukame. Mzee aliyeketi kando yangu akaninong'oneza: "Profesa, tumeambiwa wanaletewa kocha. Kwani hawa wanacheza mpira?" Tulicheka, lakini swali lile lina uzito.

Neno kocha tumelitoa katika Kiingereza. Asili yake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Katika karne ya 19, wanafunzi wa Oxford walimwita hivyo mwalimu wa kuwavusha mtihani. Maana ya safari ingalimo: kocha humchukua mtu aliye timamu pale alipo, akamsaidia kufika anakotaka. Swali lake ni, "Unaenda wapi?"

Tiba ya kisaikolojia ni jambo jingine. Tiba hudai pawe na maradhi au jeraha. Tabibu wa nafsi huuliza, "Unaumia wapi, na tangu lini?"

Chukua vijana wawili wa Kinna. Mmoja ameuza mbuzi waliobaki, anataka kulima kwa kunyunyizia maji ila hajui aanzie wapi. Huyo mpe kocha. Mwenzake halali, chakula hakipiti, na anasema afadhali asingezaliwa. Ukimwambia huyo "jipange, weka malengo", ni sawa na kumhimiza aliyevunjika mguu akimbie. Huyo apelekwe hospitalini leo, si kesho.

Waborana wa Isiolo huiita miaka ya vita vya Shifta, vilivyoanza 1963, Gaf Daba, yaani wakati mambo yaliposimama. Wenyewe wanajua kwamba kuna maumivu yanayomsimamisha mtu. Aliyesimama hivyo haulizwi kwanza anaenda wapi.

Sisi tumezoea kuyatia yote katika kapu moja la "ushauri nasaha". Hapo ndipo hatari ilipo. Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 inataka wataalamu hao wasajiliwe. Lakini mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha. Kocha mwema anaujua mpaka wake, na akiona jeraha humpeleka mtu kwa tabibu.

Nilimjibu mzee: "Kocha ni wa safari, mzee wangu. Tabibu ni wa kidonda." Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo wa kidonda anakuja lini?"

Sikuwa na jibu.