Jiki Si Rangi ya Nywele

Wiki hii nimeulizwa tena, na binti aliyeingia saluni kwetu Nkuhungu akiwa amejifunga kilemba: "Dada, jiki na blichi si kitu kimoja? Kwa nini nilipie blondi na chupa ninayo nyumbani?" Alipofungua kilemba, utosi ulikuwa mwekundu, na nywele zilizobaki zilivutika kama tambi zilizolowa. Ukizigusa, zinakatika.

Si kitu kimoja! Blichi ya saluni ni unga wenye persalfeti unaokorogwa na peroksaidi ya asilimia 6 au 9. Unavunja melanini, ule weusi wa asili. Unazichosha nywele, sikatai, lakini nywele zinabaki. Jiki ni haipokloraiti ya sodiamu. Haichagui, inakula rangi pamoja na keratini, yaani unywele wenyewe. Kama huniamini, chukua nywele zilizonasa kwenye kitana, uzitumbukize kwenye jiki isiyotiwa maji asubuhi, kisha uzitazame mchana. Zinalainika, zinakuwa uteute, mwisho huoni kitu. Kemikali hiyohiyo imo katika dawa nyingi za kuzibua mabomba yaliyozibwa na nywele. Hiyo ndiyo unayotaka kujimiminia kichwani?

Wengine hutia maji, eti kupunguza makali. Umepunguza kasi, basi. Kazi ni ileile. Wengine huongeza ndimu, na jiki ikikutana na ndimu hutoa gesi ya klorini, wakati wewe umeinamia beseni bafuni, mlango umefungwa. "Lakini rangi ilianza kutoka." Ilitoka ya chungwa, kwa sababu nywele nyeusi zikififia hupitia wekundu na uchungwa kabla ya kufika njano. Msusi anayejua kazi husimama hapo, anakupa wiki kadhaa. Wewe uliongeza jiki.

Sasa blondi yenyewe. Kama umeweka dawa ya kulainisha, usipige blichi juu yake. Anza na nywele fupi, zikiharibika unanyoa. Jaribu dawa nyuma ya sikio saa 48 kabla, na kishungi kimoja cha kisogoni. Mwambie msusi ukweli wa kila ulichowahi kupaka. Baada ya hapo stimingi kila wiki, shampoo ya zambarau njano ikizidi, mafuta na kitambaa kwa jua na ukavu wa Dodoma. Maji ya kisima yenye chumvi hukakamaza nywele, kwa hiyo suuza ya mwisho tumia ya mvua ukiyapata. Zikiota, paka mashina tu. Huna muda wa hayo yote? Nunua wigi.