Funksheni Zako Zimehamia Wapi?

Mtu akiniambia ameongeza mstari mmoja tu na programu yake imepata kasi, swali langu la kwanza ni hilo. Mstari huo mmoja umesukuma msimbo wote uliofuata, na kusukumwa peke yake kunatosha kubadilisha kasi.

Prosesa nyingi za leo hazivuti baiti moja moja kutoka kwenye kumbukumbu. Huvuta fungu zima la baiti 64, kama muuza mayai wa jumla asiyefungua trei kwa ajili ya yai moja. Chukua kitanzi chenye urefu wa baiti 40. Kikianzia baiti ya 50 ya fungu, kitamalizikia kwenye fungu la pili. Kisogeze mbele baiti 14, nacho chote kinaenea katika fungu moja.

Kazi ya kusogeza ni ya kompaila. GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, ina machaguo manne: -falign-functions, -falign-loops, -falign-jumps na -falign-labels. Ukitumia kiwango cha uboreshaji cha -O2 yote yanawaka. Ukitumia -Os yanazimwa, maana hapo kinachotafutwa ni udogo wa faili. Ninalolipenda zaidi huandikwa hivi: -falign-loops=32:7. Yaani, anzisha kitanzi kwenye mpaka wa baiti 32, ila kama kufika hapo kunahitaji kuruka zaidi ya baiti 6, kiache kilipo. Kiasi hicho kina maana, kwa sababu kila pengo linakula kashe ya maelekezo, ambayo kwenye prosesa nyingi ni kilobaiti 32 tu.

Mapengo yenyewe yanaonekana kwa macho. Fungua programu ya x86 kwa objdump -d: utakuta 90, au 66 90, au 0f 1f 40 00. Hayo ni maelekezo yasiyofanya chochote. Yakikaa baada ya funksheni kumalizika, prosesa haiyatekelezi kabisa; yakikaa mlangoni mwa kitanzi, huyapita kabla ya kuingia, si katika kila mzunguko.

Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba kubadili mpangilio wa kuunganisha faili, au hata ukubwa wa vigeu vya mazingira vya Unix, kunaweza kugeuza jibu la iwapo kiwango cha -O3 kinaizidi -O2 kwa kasi. Programu ni ileile, ila hukumu imepinduka! Watengenezaji wa kiini cha Linux nao wameweka chaguo la uchunguzi linalopanga kila funksheni kwenye mpaka wa baiti 64, ili wajue kama kasi imebadilika kwa sababu ya msimbo mpya au kwa kuhama tu.

Nami hufanya vivyo hivyo. Hujenga toleo la zamani na jipya kwa -falign-functions=64, kisha napima upya. Faida ikitoweka hapo, mabadiliko hayo siyapokei kwa jina la kasi.