Binti wa sultani aliyejifunza kuandika kwa siri

Tukiona mtoto wa mkubwa, tunasema: huyu hakosi kitu. Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alikosa kalamu.

Alizaliwa mwaka 1844 huko Bet il Mtoni, nyumba ya baba yake kando ya bahari. Humo ndani kuliishi watu wengi sana: masuria, watoto, watumwa, matowashi. Uani walitembea tausi, mbuni na swala. Mbele ya sultani ilipaswa kuongea Kiarabu, lakini akigeuza tu mgongo, kila mtu na luga yake, na Kiswahili kilisikika sana. Ndiyo, hiki hiki tunachoongea kwenye mashimo ya Rubaya na Bisie. Huku kwetu kilifika pamoja na misafara ya pembe za tembo na watumwa, na faida ya misafara ile iliishia Zanzibar.

Mama yake, Jilfidan, hakuzaliwa katika mali. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Circassia, karibu na Bahari Nyeusi. Vita ikafika kwao, familia ikajificha chini ya ardhi. Wenye silaha wakawakuta, wakaua baba na mama. Watoto walikuwa watatu. Wapanda farasi watatu wakabeba kila mmoja wake. Mpaka jioni Jilfidan alisikia mdogo wake akimlilia mama. Halafu njia zikaachana, na hakupata tena habari ya yule mdogo wala ya kaka yake. Hapa Masisi na Walikale hatuna haja ya kueleza zaidi. Aliuzwa, akafika nyumbani mwa sultani akingali mtoto mdogo.

Salme mwenyewe alikuwa mtundu. Alipanda farasi, na siku moja alipanda mnazi mrefu bila kamba ya miguu, watu chini wakashika vichwa. Shuleni walifundishwa Kurani: kusoma na kukariri. Kuandika je? Hiyo ilikuwa kazi ya wavulana tu.

Basi akajitafutia. Wakati ule wanafunzi waliandika juu ya mfupa wa bega la ngamia. Salme akachukua mfupa wake na wino, akajificha, akaiga herufi za Kurani moja moja, hadi mkono ukazoea. Siri ilipotoka alisemwa vibaya. Hakuacha.

Baba alifariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, mama mwaka 1859 kwa kolera. Mwaka ule ule kaka yake Barghash alitaka kumpokonya Majid kiti cha usultani. Salme, mwenye miaka 15, akaingia upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, njo akawa sekretere wao: barua za kutafuta bunduki na baruti zilipita mkononi mwake. Mpango ulivunjika, na Majid, aliyemlea kwa upendo, aliumia sana. Kwa hilo hatumtetei.

Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaoana. Mwaka 1870 tramu ilimgonga mume, akafa Hamburg. Mjane akabaki ugenini na watoto watatu wadogo, franga zikipungua, urithi wa Zanzibar ukimkatalia. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Habari ya Jilfidan, ya mnazi na ya mfupa wa ngamia, njo humo alipoiandika.