Masizi ya Injini: Yapi Usafishe Nyumbani, Yapi Umwachie Fundi

Gari linalotetemeka likiwa limesimama, linalochelewa kuwaka asubuhi au linalokunywa mafuta kuliko kawaida huenda limejaa masizi ya kaboni. Magari ya safari fupi, kama yale yanayotoka Mugutha hadi mjini Ruiru na kurudi, huathirika zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa yanayokaa muda mrefu kwenye msongamano wa Barabara Kuu ya Thika. Injini isipopata joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na mabaki yake huganda kwenye vali, plagi na pistoni. Mvuke wa oili nao huchafua njia ya hewa.

Sehemu ambayo mwenye gari la petroli anaweza kujisafishia kwa gharama ndogo ni throtoli, yaani mlango wa duara unaofunguka dereva anapokanyaga mafuta ili hewa iingie kwenye injini.

Hatua za kufuata

1. Egesha gari nje, penye hewa, mbali na jiko, sigara au kazi ya kuchomelea vyuma. Watoto wakae kando. Zima injini na uiache ipoe.

2. Toa waya hasi wa betri. Redio za baadhi ya magari yaliyoagizwa kutoka Japani hujifunga betri ikitolewa. Hakikisha kwanza una namba ya kuifungua.

3. Kagua chujio la hewa. Likijaa vumbi, libadilishe.

4. Legeza bomba la hewa linaloingia kwenye throtoli. Kihisi cha hewa kilicho karibu na chujio kisipuliziwe dawa hiyo, kwani kitaharibika.

5. Pulizia dawa ya throtoli, inayopatikana katika maduka ya spea, kwenye kitambaa laini, kisha futa masizi. Mlango unaoendeshwa kwa umeme usisukumwe kwa kidole. Futa panapofikika tu.

6. Rudisha bomba, kaza vibanio, unganisha betri na uwashe gari. Mngurumo unaweza kuyumba kwa dakika chache. Ukiendelea, au taa ya injini ikiwaka, mwone fundi.

Mambo ya kuepuka

Usimwage maji kwenye njia ya hewa injini ikiwa inazunguka, hata ukiambiwa kwamba mvuke husafisha kaboni. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakijaa ndani ya silinda, yanaweza kupinda mkono wa pistoni na kuua injini nzima.

Usioshe sehemu hizi kwa petroli, wala usichanganye mafuta ya taa kwenye tangi. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa: moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua.

Kazi ya fundi

Dawa za kutia kwenye tangi husaidia kusafisha nozeli. Hata hivyo, katika injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, dawa hiyo haifikii vali za kuingiza hewa. Vali hizo, pamoja na injini za dizeli zinazotoa moshi mweusi, zinahitaji fundi mwenye vifaa.

Uchafu baada ya kazi

Wakazi wanakumbushwa kutomwaga oili wala dawa kwenye mitaro. Maji ya mvua huzipeleka hadi Mto Ruiru, ambao maji yake huishia katika Mto Athi, unaotegemewa na watu wa nyanda za chini. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Mikebe ya dawa isichomwe moto, kwani hulipuka.

Kinga ni nafuu kuliko matengenezo: badilisha oili kwa wakati, nunua mafuta katika vituo vyenye leseni pekee, na mara kwa mara mpe injini safari ndefu ipate joto kamili.