Gari Linalogoma Mara kwa Mara

Gari la chama liwakalo asubuhi na kugoma mchana limewaponza makatibu wengi: betri mpya hununuliwa kwa fedha za wanachama, ugonjwa ukabaki palepale. Kabla ya hati ya malipo kutiwa sahihi, dereva na awashe taa kubwa, kisha azungushe ufunguo. Jambo hili lifanywe wakati gari limegoma. Likishawaka, ushahidi umepotea. Taa zikififia sana, hitilafu aghalabu imo katika betri au viungo vyake. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri, au waya wa athi uliolegea, hutosha kuzuia umeme. Visafishwe na kukazwa. Taa ziking'aa vilevile na starta ikawa kimya, fundi aikague starta na swichi yake. Starta ikizunguka kwa nguvu lakini injini isiwake, betri haina hatia. Mfumo wa mafuta utazamwe.