Maonyesho ya Msimu Banana: Yanavyoendeshwa na Anachopata Mkazi

Magari ya Banana hupitia Ruaka yakipanda kilima, abiria wakashuka kituoni, wakanunua mboga na kwenda zao. Wachache hujua kwamba hapo hapo Banana, katika Kiambaa, pana jumba la sanaa lililoanzishwa na wachoraji wenyewe, na kwamba picha zilizo ukutani mwezi huu huenda zisionekane tena Kiambu.

Banana Hill ilianza mwaka wa 1992 kama studio ya pamoja. Mwanzilishi wake, Shine Tani, alikuwa akijitafutia riziki kwa sarakasi katika mitaa ya Nairobi kabla ya kujifunza kuchora. Mkewe, Rahab, pia ni mchoraji. Miaka mitatu baadaye, 1995, wasanii wa kijiji cha Ngecha, Limuru, nao waliunda chama chao. Miongoni mwa waasisi alikuwa Sane Wadu, aliyeacha kazi ya ualimu ili achore. Majirani walisema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu kwa Kiingereza. Mwaka wa 2022 kazi zake za miaka mingi zilikusanywa na kuonyeshwa Nairobi, na waliomcheka, kama wapo bado, wangeweza kwenda kuziona.

Maonyesho ya msimu ni nini hasa? Ni kundi la kazi zinazowekwa ukutani kwa muda maalumu, aghalabu wiki tatu au nne, kisha zikashushwa ili wengine wapate nafasi. Huenda yakawa ya msanii mmoja, wawili, au ya kikundi. Kazi huanza mapema kuliko mgeni anavyodhani. Picha ya rangi ya mafuta huchelewa kukauka, na katika baridi na ukungu wa Julai, ambao wakazi wa Limuru wanaujua vizuri, huchelewa zaidi. Anayetaka kuonyesha Agosti hawezi kungoja Agosti ndipo ashike brashi. Desemba huwa na mambo yake: wachoraji wengi hutoa kazi ndogo ndogo ambazo mtu anaweza kununua kama zawadi bila kugusa karo ya Januari.

Siku ya ufunguzi wasanii wenyewe huwapo, na hiyo ndiyo siku bora ya kwenda. Mkazi anaweza kumwuliza mchoraji kwa nini ng'ombe wake ni wa bluu, naye atajibiwa na aliyempaka rangi hiyo. Kwa kawaida majumba ya namna hii hayatozi kiingilio, na hakuna anayelazimika kununua. Kibandiko chekundu kando ya picha humaanisha imeshauzwa. Aliyeinunua huiachia jumba hadi maonyesho yaishe.

Kuhusu pesa, mambo ni wazi kuliko watu wanavyofikiri. Jumba hubaki na sehemu ya bei ili kulipia kodi, umeme na ulinzi. Katika majumba ya kibiashara si ajabu sehemu hiyo kufika nusu. Wasanii wanapoendesha jumba lao, wao ndio huamua ikatwe kiasi gani. Tuseme picha imeuzwa kwa shilingi 30,000 na makato ni asilimia 30: jumba linabaki na 9,000, msanii anapata 21,000, na humo atoe gharama ya turubai, rangi, fremu na nauli. Ndiyo maana bei inayoonekana kubwa mara nyingi haimwachii mchoraji mengi. Mnunuzi asione haya kuuliza kama anaweza kulipa kwa awamu.

Wakazi wanaochora, au wenye watoto wanaochora, wanahitaji kujua sheria kidogo. Hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa, nayo hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtu akinunua picha amepata kitu cha kutundika sebuleni. Hajapata ruhusa ya kuichapisha kwenye fulana au kalenda za kuuza. Tahadhari ipo kwenye kazi za kuagizwa: bila makubaliano mengine, sheria huichukulia hakimiliki ya kazi hiyo kuwa ya aliyeiagiza na kuilipia. Msanii anayepewa oda na hoteli au shule aandike mapatano kabla ya kuchukua brashi.

Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2019 yaliongeza haki nyingine muhimu. Picha inapouzwa tena kibiashara, kwa mfano mnadani, msanii anastahili mrabaha wa asilimia 5 ya bei halisi ya mauzo. Ile picha ya 30,000 ikija kuuzwa mnadani kwa shilingi 400,000, msanii hudai 20,000. Lakini atadaije bila ushahidi? Apige picha kila kazi, aandike jina lake, tarehe, vipimo na jina la mnunuzi, na aisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Usajili si lazima ila husaidia sana mzozo ukitokea.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imeweka shughuli za kitamaduni, maktaba na makavazi mikononi mwa kaunti, katika aya ile ile inayotaja leseni za pombe na kamari. Leseni za baa hufuatiliwa na watu wengi. Mkazi anayetaka sanaa ipewe nafasi katika bajeti anaweza kuwasilisha pendekezo hilo kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma katika wadi yake.

Walimu wanaotaka kuleta wanafunzi wapige simu jumbani mapema na waepuke siku za kati ya maonyesho mawili, kwa kuwa wakati huo kuta huwa tupu na picha zimeegemezwa sakafuni.