Shamba Lililomezwa na Barafu: Habari za Tarafa ya Jostedal

Msomaji, kama umepata kuutazama Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajapanda, umeona weupe ulio karibu na kilele. Sehemu ya weupe huo ni theluji mpya, na sehemu ni barafu ya zamani, ambayo siku hizi imebaki kidogo sana. Barafu hiyo iko juu, mbali na mashamba yetu. Hakuna mkulima wa Nyeri wala wa Meru aliyepata kuamka akaikuta mlangoni pake. Lakini katika nchi ya Norwei, kaskazini mwa Ulaya, jambo hilo lilitokea, na yafaa tujue wakulima waliopatwa nalo walifanya nini.

BONDE NA WATU WAKE

Jostedal ni bonde refu na jembamba magharibi mwa Norwei, katika sehemu iitwayo Sogn. Mto Jostedøla hupita katikati yake ukishuka kusini mpaka Gaupne, ambako huingia katika mkono wa bahari. Wakati wa joto maji yake ni meupe kama maji yaliyooshewa mchele, kwa sababu yamebeba unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Juu ya milima ya upande wa magharibi imelala barafu ya Jostedalsbreen, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 450. Ukiacha visiwa, hakuna barafu kubwa kuliko hiyo katika bara la Ulaya.

Ardhi ya kulima katika bonde hilo ni haba. Wakulima wa zamani walipanda shayiri kando ya mto, lakini tegemeo lao kubwa lilikuwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Wakati wa joto wanyama walipelekwa kwenye malisho ya milimani, na huko wanawake na wasichana walikamua maziwa wakatengeneza siagi na jibini. Waliobaki chini walikata majani na kuyakausha, kwa maana wakati wa baridi wanyama hukaa zizini miezi mingi. Basi mtu aliyepoteza malisho alipata hasara sawa na aliyepoteza shamba.

JINSI BARAFU INAVYOTEMBEA

Labda utauliza: barafu hutembeaje? Theluji inayoanguka wakati wa baridi ikiwa nyingi kuliko ile inayoyeyuka wakati wa joto, inayobaki hulundikana mwaka baada ya mwaka. Ile ya chini hushindiliwa na uzito wa ile ya juu mpaka ikawa barafu ngumu. Uzito ukizidi, barafu huanza kuteremka polepole, kama uji mzito uliomwagwa juu ya jiwe lililoinama. Hivyo mito ya barafu hushuka mabondeni.

Katika karne ya 17 na ya 18 mambo yalikuwa hivyo huko Jostedal. Mwaka wa 1684 wakulima wa Krundalen, bonde dogo la pembeni, walilalamika kwamba barafu imefunika malisho yao. Baada ya mwaka wa 1700 ikaja miaka ya theluji nyingi, na barafu ikazidi kushuka. Katika bonde la Mjølverdalen palikuwa na shamba lililoitwa Nigard. Mwenyeji wa shamba hilo aliiona barafu ikikaribia mwaka hata mwaka, wala hakuwa na ukuta wala moto wa kuizuia. Mwaka wa 1743 ilifika nyumbani, ikasukuma majengo na kuyavunja. Habari hizo ziliandikwa na Matthias Foss, aliyekuwa kasisi wa Jostedal wakati huo. Barafu iliendelea mbele mpaka mwaka wa 1748, ndipo ikasimama.

DAFTARI HALIONI BARAFU

Siku zile Norwei ilitawaliwa na Mfalme wa Denmark, na kila shamba lilikuwa limeandikwa katika daftari la kodi kwa thamani yake. Lakini daftari halioni barafu. Shamba lililokuwa chini ya barafu bado lilikuwa zima kwenye karatasi, na kodi yake ilidaiwa vile vile.

Wakulima wa Norwei walikuwa na njia ya kujitetea. Mtu aliyeharibiwa ardhi na mafuriko, maporomoko au barafu aliweza kuomba ikaguliwe. Maofisa wa Serikali walikuja pamoja na wazee wa mahali hapo walioapishwa kusema kweli. Walitembea shambani, wakatazama kilichopotea na kilichobaki, wakaandika yote. Walipoona madai ni ya haki, kodi ilipunguzwa. Wazee hao walikuwa wakulima pia, waliolijua shamba la jirani kama walivyolijua lao, na kwa hiyo ilikuwa vigumu kudanganya, na vigumu pia kudhulumiwa.

Taarifa nyingi za ukaguzi wa namna hiyo zimehifadhiwa. Leo wataalamu huzisoma ili wajue barafu ilifika wapi na mwaka gani. Karatasi za kuombea nafuu ya kodi zimekuwa ushahidi mkubwa kwa elimu ya hali ya hewa.

BARAZA LAO WENYEWE

Mwaka wa 1814 Norwei ilitengana na Denmark ikapata katiba yake, ingawa ilikuwa chini ya Mfalme wa Uswidi mpaka mwaka wa 1905. Sheria ya mwaka wa 1837 iliwapa watu wa mashambani haki ya kuchagua mabaraza yao, na mwaka wa 1838 Jostedal ikawa tarafa yenye baraza lake. Mwanzoni waliopiga kura walikuwa wanaume tu wenye miaka 25 na zaidi, hasa wale wenye ardhi. Wanawake wote walipata kura ya mabaraza mwaka wa 1910. Shule, barabara na matunzo ya maskini yalikuwa mikononi mwa watu waliojuana kwa majina.

Baraza hilo lilidumu miaka 125. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali iliona kwamba tarafa ndogo hazina fedha za kutosha kwa shule na kazi nyingine za kisasa. Mwaka wa 1946 iliunda kamati chini ya Nikolai Schei, na kwa kazi yake tarafa za Norwei zilipunguzwa kutoka 744 hadi 454. Tarehe 1 Januari 1963, Jostedal, yenye watu wasiofika 1,000, iliunganishwa na Luster pamoja na Hafslo. Makao makuu ya Luster yako Gaupne.

Je, walipata au walipoteza? Pima mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1979 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima, mto ukafurika, ukaharibu barabara, madaraja na nyumba. Mzigo kama huo ni mzito mno kwa baraza la watu mia chache. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa kituo kikubwa cha umeme unaotokana na maji ya bonde lile, na mapato ya tarafa kutokana na kituo hicho yaliingia katika mfuko wa Luster nzima, wala si wa Jostedal peke yake. Penye kugawana mzigo, pana kugawana chungu pia.

ARDHI ILIYORUDI

Tangu mwaka wa 1748 mto ule wa barafu umerudi nyuma zaidi ya kilomita nne. Unaitwa Nigardsbreen, maana yake barafu ya Nigard. Shamba limepotea, lakini jina lake limebaki kwa yule aliyelimeza. Mahali barafu ilipokuwa pametokea ziwa, na matuta ya mawe yanaonyesha mpaka ilipofika. Lakini ardhi iliyorudi si ile iliyokwenda. Udongo ulichukuliwa, yakaachwa mawe na changarawe.

Basi, msomaji, sisi hatuogopi barafu shambani. Lakini mto unaokula kingo twaujua, na korongo linalopanuka kila masika twalijua, na maporomoko ya udongo pia. Ukipatwa na hasara ya namna hiyo, usingoje mpaka alama zifutike. Waite majirani na wazee waione ingali mbichi, pima kilichokwenda, na taarifa iandikwe ifike ofisini. Ofisa aliye mbali huliona shamba lako kama lilivyo katika daftari tu, mpaka wewe umwonyeshe lilivyo kweli.